Kabla Hujafomati: Linux Ikikosa Programu ya Kuplei Sauti

Jamani habari zenu, na nyie mliokaa kule nyuma sogeeni kidogo maana kuna amri nitaziandika ubaoni na nisingependa mtu azikose.

Kuna kitu kinaniuma kwa kweli. Watu wengi wanaoikimbia Linux hawaikimbii kwa sababu ya mambo mazito, wanaikimbia kwa sababu ya sauti. Mtu kainstoli vizuri, intaneti inashika, skrini iko safi, afu anafungua wimbo, kimya. Au anarani programu aliyoipakua, programu inamwambia haioni kitu cha kuplei sauti. Akiuliza kila mtu anamjibu lake, huyu badilisha draiva, yule ondoa PulseAudio (ile seva ya sauti), mwingine hama distro, yaani aina ya Linux kama Ubuntu, Debian, Fedora au Arch, mwingine fomati tu uanze upya, na huyo mtu kwa vile hajui ashike lipi anayafanya yote, mpaka usiku keshafomati na sauti bado haipo. Na mara nyingi kilichokuwa kinakosekana ni pakeji moja ndogo tu, yaani furushi moja la programu la kuinstoli.

Ninachotaka tutoke nacho hapa ni hiki. Kukosa sauti na kukosa programu ya kuplei sauti ni matatizo mawili tofauti, kila moja lina dawa yake, na kompyuta yenyewe karibu kila mara inakwambia una lipi kati ya hayo, ila sisi hatusomi. Tunaona maandishi ya Kiingereza kwenye teminali, macho yanaruka, tunakimbilia kutafuta amri ya kukopi na kupesti.

Hebu tusome basi. Unaandika `aplay`, amri ya kuplei faili la sauti, inakurudishia `aplay: command not found`. Hayo maneno yana maana moja tu, kwamba shell, ile programu inayosoma amri zako kwenye teminali, imepita kwenye mafolda yote yaliyoorodheshwa kwenye PATH ikitafuta faili lenye jina hilo na haijaliona. Basi. Haijagusa kadi ya sauti, haijagusa draiva wala spika, haijafika huko kabisa. Ukiandika `echo $?` hapohapo utaona 127, hiyo ndo namba ambayo shell hurudisha pale amri isipopatikana. Kwa hiyo ukiona 127 afu mtu anakwambia ubadilishe draiva ya kadi ya sauti, mshukuru, lakini usimsikilize, maana hakuna ushahidi wowote kwamba draiva ina shida.

Sasa ujumbe ukiwa `no soundcards found` hiyo ni habari nyingine. Hapo programu ipo, imeamka, imeuliza keneli, kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, kuna kadi gani za sauti na keneli imejibu hakuna. Na ukirani `pactl info` ikasema `Connection refused`, maana yake programu ipo lakini seva ya sauti iliyotaka kuongea nayo, ile inayokaa nyuma ikipokea sauti za programu zote na kuzipeleka kwenye kadi, haipo hewani. Umeona, jumbe tatu, sehemu tatu tofauti. Asiyesoma anazitibu zote kwa dawa moja na ndo maana haponi.

Lakini hapa kuna mtego, na huu unawapata hata wazoefu. Mara nyingi ujumbe wenyewe huuoni. Programu nyingi ndogondogo, alamu, vikumbusho, skripti za kutoa tahadhari, michezo midogo, hazipleii sauti zenyewe, zinaita programu nyingine iliyopo kwenye mashine, na aliyeziandika kaamua kutupa jumbe zote za hitilafu kwenye `/dev/null`, ambako kila kinachotupwa kinapotea, ili teminali ibaki safi. Kwa hiyo aplay haipo, shell imelalamika, malalamiko yametupwa, na wewe unachokiona ni kimya tu. Unaanza kuhangaika na volyumu. Ikitokea hivyo ifungue ile skripti, tafuta mstari unaoplei sauti, ukopi uurani mwenyewe kwenye teminali bila ile sehemu ya `/dev/null`, utashangaa jinsi jibu linavyojitokeza lenyewe. Wanaoandika Python wanaijua pydub, ile maktaba ikitaka kuplei inajaribu simpleaudio, ikiikosa inajaribu pyaudio, ikikosa na hiyo inaita ffplay, na kama nayo haipo unapata onyo linalosema `Couldn't find ffplay or avplay`. Mtu anaona hilo onyo anaanza kuiinstoli upya pydub kwa pip, mara ya kwanza, mara ya pili, wakati pydub haina kosa lolote, ffplay si kitu cha Python kabisa, inakuja na ffmpeg na inatoka kwenye pakeji za mfumo.

Njia rahisi ya kujua kitu kipo au hakipo ni `command -v aplay`. Ikirudisha njia kama `/usr/bin/aplay` kipo, ikinyamaza hakipo. Jaribu na majina mengine ya programu za kuplei sauti pia, `command -v paplay`, `command -v pw-play`, `command -v ffplay`, `command -v mpv`. Ndani ya sekunde chache unajua mashine ina nini na haina nini, na hujabadilisha chochote. Hilo la kutobadilisha chochote nalisisitiza sana, uchunguzi usiobadilisha kitu uje kwanza siku zote, kwa sababu ukishaanza kung'oa na kupachika huwezi tena kujua shida ya mwanzo ilikuwa ipi na ipi umeileta wewe.

Sasa kwa nini programu ikosekane wakati Linux ni mfumo kamili? Hapa naomba tukae kidogo. Linux kwenye kompyuta yako ni mkusanyiko wa mapakeji, na kila distro inachagua iweke yapi mwanzoni. Ukiinstoli toleo la desktopu, vitu vya sauti vingi vinakuja. Ukiinstoli toleo la seva, au ukachagua kuinstoli kidogo afu ukajipachikia desktopu mwenyewe, vile vitu havijiletei. Kuna na kile kichaguo cha apt, programu ya kuinstoli pakeji kwenye Debian na Ubuntu, `--no-install-recommends`, watu wanakipenda sana kwa sababu kinaokoa nafasi. Kwa kawaida apt ikiinstoli pakeji inaleta na zile ambazo pakeji hiyo inazipendekeza. Ukitumia hicho kichaguo zinaachwa, na programu ya kuplei sauti mara nyingi imekaa kwenye kundi hilohilo la mapendekezo, maana mwenye programu kaona bila sauti bado itafanya kazi. Kwa hiyo mtu kaokoa megabaiti chache, wiki mbili baadae anatafuta sauti haioni, na wala hakumbuki kama alitumia hicho kichaguo.

Kwenye kontena, yaani programu iliyofungiwa peke yake na vitu vyake ndani ya mashine, ni zaidi. Imeji za Docker zinatengenezwa ziwe nyepesi, ndani hakuna aplay, hakuna seva ya sauti, na hata kadi yenyewe haionekani mpaka uipitishe kwa `--device /dev/snd`. Na mashine za kwenye klaudi, kuna keneli zilizotengenezwa maalumu kwa ajili hiyo, Debian wanayo inaitwa linux-image-cloud-amd64, wametoa draiva nyingi ambazo seva haizihitaji, za sauti zikiwemo. Mtu akiiweka keneli hiyo kwenye laptopu kwa kuona ni ndogo, atainstoli kila programu ya muziki duniani na hatasikia kitu.

Turudi kwenye majina, maana hapa ndo penye mchanganyiko mkubwa kuliko pote. Jina la amri si lazima liwe jina la pakeji. Unaandika `apt install aplay`, apt inasema haiijui, unakata tamaa, unadhani imefutwa duniani. Kumbe aplay inakaa ndani ya pakeji inaitwa alsa-utils, pamoja na ndugu zake arecord, amixer, alsamixer na speaker-test. paplay na pactl kwenye Debian na Ubuntu ziko ndani ya pulseaudio-utils. Na hiyo pulseaudio-utils naomba mniangalie hapa, kuiinstoli hakukuletei seva ya PulseAudio, inaleta zile amri tu, na zinafanya kazi vizuri hata kama seva yako ya sauti ni PipeWire, ile mpya. Nimeona watu wanaiogopa kwa sababu ya jina, wanadhani wakiiweka seva mbili zitagombana. Hazigombani, wekeni. ffplay inakuja na ffmpeg. Amri inayoitwa `play` inatoka kwenye sox, na kwenye Debian sox peke yake mp3 haiiwezi mpaka uongeze libsox-fmt-mp3.

Hakuna sababu ya kuyakariri hayo yote, uliza mfumo wenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu kuna apt-file, unaiinstoli, unarani `apt-file update` afu `apt-file search bin/paplay`, inakutajia pakeji yenye hilo faili. Fedora ni `dnf provides '*/bin/paplay'`. Kwa wa Arch ni `pacman -Fy` mara moja kuleta orodha afu `pacman -F paplay`. Mkijifunza hiki kimoja tu leo nitafurahi, kwa sababu hakitumiki kwenye sauti peke yake, kitakusaidia kila siku utakayokutana na command not found ya aina yoyote.

Haya, umeinstoli aplay kwa furaha, unaipa wimbo wa mp3. Inatoka kelele, mkwaruzo mkali unaoumiza masikio, hasa kama umevaa hedifoni, kwa hiyo punguza volyumu kabla hujajaribu. Watu wanasema kadi imeungua. Haijaungua! aplay inaelewa wav na aina nyingine chache za zamani, mp3 haiijui. Ikipewa faili isilolielewa inalichukulia kama data ghafi na kulisukuma hivyohivyo, na ukisoma teminali inakwambia wazi, `Playing raw data`, biti 8, hezi 8000, mono. Wimbo gani wa siku hizi ni wa hezi 8000? Hapo kadi inafanya kazi, spika zinafanya kazi, umetumia tu programu isiyo yake. Kwa mp3 tumia mpv, au ffplay, au mpg123. Na kama huna uhakika faili ni la aina gani usiamini herufi za mwisho wa jina, rani `file wimbo.mp3`, kuna mafaili mengi yana jina la mp3 na ndani ni kitu kingine kabisa.

Hilo linatuleta kwenye kodeki, vile vipande vya programu vinavyofungua sauti iliyobanwa kama mp3. Hapa programu ya kuplei ipo, inafunguka, ina kitufe na kila kitu, lakini inasema haiwezi kusoma faili. Watu wanailaumu programu. Sababu ya jambo hili ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiufundi. mp3 ilikuwa na hataza (patent) kwa miaka mingi, na distro zilizojiwekea msimamo wa kutumia vitu huru tu zilikataa kuiweka ndani. Fraunhofer walisimamisha ule mpango wa leseni za mp3 mwezi Aprili 2017 baada ya hataza kuisha, kwa hiyo kwenye distro za sasa mp3 sio shida tena, lakini kodeki nyingine, hasa zile zinazoambatana na video, bado zinaachwa nje na baadhi ya distro. Ndo maana Ubuntu kuna pakeji ya ubuntu-restricted-extras, na watumiaji wa Fedora wanaongeza hazina ya pakeji ya RPM Fusion. Programu nyingi za desktopu ya GNOME zinatumia GStreamer kusoma mafaili, kwa hiyo programu mbili tofauti kabisa zinaweza kukataa faili lilelile kwa sababu moja, plagini ya GStreamer haipo, kwenye Ubuntu na Debian angalia gstreamer1.0-plugins-good, -ugly na gstreamer1.0-libav. VLC inabeba nyingi za kwake, ndo maana unasikia watu wanasema kwenye VLC wimbo unapiga kwingine haupigi, na hiyo si ajabu, inakuonyesha shida iko wapi.

Sasa wale ambao programu zao zote zipo, kodeki zipo, na bado kimya. Hapa tunashuka chini kabisa tupande kidogo kidogo, na naomba msiruke. Kwanza keneli inaiona kadi? Watu watasema `aplay -l`, sawa, lakini kama aplay yenyewe ndo haipo? Kuna njia isiyohitaji kuinstoli chochote, `cat /proc/asound/cards`. Hiyo inasoma moja kwa moja kutoka kwenye keneli. Ikikuonyesha kadi, vizuri sana, acha kabisa habari za draiva. Ikiandika `no soundcards`, basi rani `lspci -nnk` utafute kifaa chenye neno Audio, chini yake uangalie kama kuna mstari wa `Kernel driver in use`. Kwenye kompyuta nyingi utaona snd_hda_intel. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni zenye chipu za Intel utaona jina lenye neno sof, na hizi zinataka fimweya, faili dogo ambalo draiva inalipakia kwenye chipu ya sauti kabla haijaanza kazi. Likikosekana, draiva ipo, chipu ipo, sauti hakuna, na kwenye `sudo dmesg` utaona malalamiko yenye neno sof na firmware. Kwenye Debian hiyo pakeji inaitwa firmware-sof-signed, Arch ni sof-firmware. Unainstoli, unawasha upya mashine, kazi imeisha. Ni watu wangapi wamezitupa laptopu kwenye kabati kwa ajili ya faili hilo!

Kadi ikionekana, jaribu `speaker-test -c 2 -t wav`, sauti ya mtu itataja upande wa kushoto na kulia, unasimamisha kwa Ctrl na C. Kimya? Fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi yako halisi, uangalie chini ya kila mnara. Ukiona MM ujue umezimwa, bonyeza herufi M ufunguke. Hili linaonekana dogo lakini nalitaja kwa uzito wote kwa sababu Master inaweza kuwa juu kabisa huku Speaker au Headphone imezimwa, na kitufe cha volyumu cha desktopu kisikuonyeshe chochote.

Ngazi inayofuata ni seva ya sauti, na hapa inabidi niseme kidogo habari za miaka. ALSA, sehemu ya keneli inayoendesha kadi za sauti, iliingia rasmi kwenye keneli ya 2.6 mwishoni mwa 2003 ikachukua nafasi ya mfumo wa zamani, OSS. Afu ikaja PulseAudio ya Lennart Poettering, Fedora 8 wakaiweka 2007, Ubuntu 8.04 wakafuata 2008, kazi yake kubwa ni kuchanganya sauti za programu nyingi kwa wakati mmoja na kuzipeleka kwenye kifaa unachotaka. Sasa hivi ni PipeWire iliyoanzishwa na Wim Taymans, Fedora 34 wameihamia 2021 na Ubuntu 22.10 mwaka uliofuata. Kwa nini nawapa miaka? Kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka uliandikwa kwa ajili ya zama nyingine. Mtu aliyeandika 2009 kwamba ondoa PulseAudio alikuwa anaongea na mashine ya 2009, hakukudanganya, lakini ukiitii leo unaweza kung'oa pakeji ambazo desktopu yako inazitegemea. Kabla hujafuata ushauri wowote angalia tarehe yake, afu rani `pactl info` usome mstari wa `Server Name`. Ukiona imeandikwa PulseAudio na mbele yake kwenye mabano kuna PipeWire, seva yako ni PipeWire inayoongea lugha ya PulseAudio ili programu za zamani zisikwame, na hiyo ni kawaida, hakuna kilichoharibika.

Kwenye setingi za sauti za desktopu ukikuta kifaa kimoja tu kinaitwa Dummy Output, hicho sio kifaa, ni seva inakwambia haijapata kadi hata moja. Rudi kule chini kwenye `/proc/asound/cards`. Kama kule kadi ipo na huku haipo, basi mara nyingi tatizo ni WirePlumber, hiyo ndo inayozitafuta kadi na kuziunganisha na PipeWire, na mtu anaweza kuwa kainstoli PipeWire akaiacha hiyo. Angalia kwa `systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber`, na ukitaka kuziwasha upya ni `systemctl --user restart` ukifuatisha na majina hayohayo. Oneni hilo neno `--user`. Hizi ni za mtumiaji, sio za mfumo mzima, kwa hiyo usiweke sudo. Watu wamezoea kwamba kitu kikigoma weka sudo. Kwenye sauti sudo inakuhamisha kwenda kwa mtumiaji mwingine, root, ambaye hana seva ya sauti inayomsubiri, na unaanza kupata makosa mapya ambayo hayakuwepo.

Ni haohao wanaoniuliza kwa nini skripti inatoa sauti nikiirani mwenyewe ila kwenye cron, ile inayorani kazi kwa ratiba, haitoi. cron haibebi mazingira yako. PATH yake ni fupi, na haijui XDG_RUNTIME_DIR, ambayo ndo inaonyesha soketi ya seva yako iko wapi, kwa kawaida `/run/user/1000` kama namba yako ya mtumiaji ni 1000. Andika njia kamili ya programu, `/usr/bin/paplay` sio `paplay` tu, na uweke hiyo XDG_RUNTIME_DIR mwanzoni mwa crontabu, lile faili la ratiba za cron.

Kabla sijafika mwisho nataka niwaombe nyie mnaoandika programu, na hapa naomba kwa moyo wote. Kuna watumiaji wasioona. Wanatumia Orca, kisoma skrini ambacho GNOME wanacho tangu 2006, Orca inapeleka maneno kwa speech-dispatcher, nayo inayapeleka kwa kitu kama espeak-ng, ambacho kwa taarifa yenu kinasoma hata Kiswahili, jaribuni `espeak-ng -v sw "habari za leo"`. Sasa fikirieni sauti ikikatika kwa mtu huyo. Wewe ukikosa sauti umekosa wimbo, yeye kakosa skrini nzima, hawezi hata kusoma ujumbe unaosema kinachokosekana, labda awe na kifaa cha breli na brltty imewashwa, au mtu aingie kwa SSH, yaani kupitia mtandao, kutoka mashine nyingine amsaidie. Kwa hiyo unapotengeneza pakeji yenye kutoa sauti, tangaza kwenye pakeji yako kwamba inaitegemea alsa-utils au chochote unachokiita, usitegemee kwamba kila mtu anacho kwa sababu kwako kipo. Programu ikianza iangalie kama hicho kitu kipo, na kama hakipo iseme kwa jina, iseme na pakeji gani ya kuinstoli, na usiutupe ujumbe huo kwenye `/dev/null`. Ni mistari mitano ya kodi, haizidi. Na ukiapdeti seva ya sauti kwenye mashine ya mtu asiyeona, au ukimshauri mtu aapdeti, hakikisha kuna njia nyingine ya kuingia kwenye hiyo mashine kabla hujabonyeza Enter.

La kuomba msaada nalo nilimalizie. Usiandike sauti haifanyi kazi nisaidieni, hakuna anayeweza kukusaidia kwa sentensi hiyo hata awe bingwa. Weka jina la distro na toleo lake, weka ujumbe wenyewe ulivyo herufi kwa herufi bila kuutafsiri, maana ukiutafsiri hatuwezi kuutafuta, weka ulichopata kwenye `cat /proc/asound/cards`, kwenye `pactl info` na kwenye `wpctl status`, na useme ulirani amri gani hasa. Kama umeshabadilisha vitu sema umebadilisha nini, hata kama unaona haya, kwa sababu tusipojua hilo tutakuwa tunaitibu mashine ambayo haipo. Anayesaidia naye asimtupie mtu amri ya sudo bila kumwambia inafanya nini.

Haya, muda wa maswali umebaki wa kutosha. Mwenye laptopu yake hapa yenye shida aje nayo mbele tuichomeke kwenye skrini kubwa, tuifanye pamoja, na tafadhali usiiguse kabla hatujasoma inasema nini.